Kesho Tunahama

Mji nilimozaliwa uko juu ya kilima, nami kila nikirudi napotea. Napotea kweli, mchana kweupe, mkoba begani, mpaka mbuzi wanaacha kula maboksi wanitazame. Nikiwasimulia watu wa Garissa, ninakoishi, hawaamini. Garissa nchi ni tambarare na mto hauhami kitanda. Ukishajua Tana iko upande gani, umejua njia ya sokoni, ya chuo na ya nyumbani. Kwetu Mandera, mbele ya Takaba, barabara ikishaanza kujikunja katikati ya mawe, kujua kwako unakuacha hapo hapo chini.

Chini ya kilima kuna soko: maduka ya mabati, magari, mbuzi na ngamia siku ya mnada, na miraa, ambayo ikifika mchana kila mwanamume ghafla ana shughuli ya haraka. Ukipanda kidogo kuna msikiti, shule, zahanati, na mabirika ya maji yaliyochimbwa ardhini na kufunikwa miiba, kila ukoo na lake, na punda wanaopanda na kushuka na madumu kutwa nzima. Sehemu hizo mbili hazinisumbui, ni saruji na zimetulia. Taabu yangu iko juu. Juu kabisa wanakaa akina mama wenye akal, nyumba za fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka, ambazo ngamia mmoja hubeba nzima pamoja na masufuria yake. Nyumba hizo huhama. Likizo hii ziko upande wa mawe mekundu kwa sababu ya upepo, likizo ijayo zimezunguka kilima kwa sababu kupe wamezidi, au maji ya mvua yamepita mlangoni, au wake wenza wamechokana. Ukiuliza njia utaambiwa, "Pita pale ilipokuwa nyumba ya yule mama wa mbuzi weusi, kisha kata pale palipokuwa na zizi." Ilipokuwa! Palipokuwa! Nusu ya mji inaelekezwa kwa vitu ambavyo havipo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mtu wa ubao na mstari ulionyooka, na kuchanganyikiwa nakuchukia kuliko njaa. Shangazi yangu alinichukua nikiwa mdogo, akanipeleka Garissa kusoma, na huko ndiko ulimi wangu ulikokomaa. Kisomali changu, wanasema akina mama wa kilimani, ni cha serikali: kinaeleweka lakini hakina maziwa ndani yake. Kwa hiyo wengine huamua kunisemesha Kiswahili, kama mgeni aliyekuja kuhesabu mifugo. Hilo huniudhi, na kwa kuwa huniudhi wao hufurahi na kuendelea.

Darasani huwaambia wanafunzi wangu kuuliza si ujinga. Ni msemo mzuri, nao hufanya kazi mpaka pale lami inapoishia. Kilimani kwetu kuna maswali ambayo kuyauliza ni utovu wa adabu wa hali ya juu, na kubwa kuliko yote ni hili: mwanamke akianza kufungua kamba za nyumba, humwulizi kwa nini. Nyumba ni mali ya mwanamke. Alisukiwa mikeka yake na mama yake na shangazi zake alipoolewa. Akiifungua, pengine ameachwa. Pengine ameacha yeye. Pengine amefiwa, amegombana, au amenusa mvua. Vyovyote iwavyo, ana sababu, na sababu ni yake. Wewe kazi yako ni kuja, kushika kamba na kuimba. Nililijua hilo tangu utotoni, lakini kwa namna mtu anavyojua jambo la kitabuni.

Mama yangu aliishi kwa ubani. Kiangazi kikikaza, akina mama wa kwetu huteremka upande wa nyuma wa kilima, kwenye miteremko ya mbali, wakabandua utomvu uliokauka kwenye magome ya miti, wakaurudisha nyumbani ndani ya magunia na kuuchambua: mweupe kando, mwekundu kando, uliochanganyika na maganda kando. Wachuuzi huupeleka Wajir na kwingineko, na unakoishia mimi sijui. Ukimkumbatia mama unanusa ubani hadi kwenye kitambaa chake cha kichwa. Ndugu yangu wa Nairobi alimjengea nyumba ya mabati, nzuri, yenye dirisha la vioo. Mbuzi ndio wanaoifaidi. Mama aliendelea kulala katika akal yake.

Aliyenipigia simu ni jirani yake, mwanamke wa rika langu anayeuza maziwa ya ngamia. Mumewe alikuwa na mke mwingine huko Nairobi na huku alionekana kwa nadra kama mvua. Jirani alikuwa amepanda juu ya lile jiwe kubwa ambako simu hushika mtandao. Nilisikia upepo ukimpiga.

"Abaayo," akaniambia, yaani dada, "mama ameanza kupotea."

Nilicheka. Nikamwambia hata mimi hupotea huko.

"Hapana," akasema. "Anapotea ndani ya nyumba yake."

Akanieleza. Mama aliacha sufuria motoni, akatoka alfajiri kwenda kwenye miti ya ubani iliyokwisha kukatwa zamani. Wachungaji walimkuta ameketi kwenye jua, anatafuna utomvu, ametulia, anawauliza wenzake wamefika wapi. Wenzake wale wengi ni marehemu. Upande wa nyuma wa kilima kuna genge, mwamba uliokatika wima. Mtu akikosea njia pale hakuna atakayesikia. Siku hiyo nilikata shauri: nitakwenda kumchukua mama, aje Garissa akae nami katika vyumba vyangu viwili, kuna feni na hospitali iko karibu. Nilimpigia ndugu yangu. Akasema, "Wewe ndiye binti yake, amua." Niliona hasira mpaka masikio yakaniuma. Kumwachia mwenzako uamuzi ni rahisi kama kumpa mtoto wa mtu kazi.

Basi nikaenda. Nilipotea nilipofika, bila shaka, nikasalimia nyumba mbili zisizo zetu, na katika ya pili nikanywa chai kabisa kabla mwenyewe hajanionyesha kwetu.

Nilichokikuta sikukielewa, na bado sikielewi vizuri. Mama alikuwa mzima wa mwili, mkavu, mwepesi, mikono yake ikichambua ubani bila kukosea hata punje. Lakini alinikaribisha kwa adabu nyingi mno, adabu ya kumkaribisha mke wa mtu mkubwa. Baadaye akaniita hooyo. Sasa, hooyo kwetu ni mama, lakini mama naye humwita mtoto wake hivyo hivyo, hooyo, kama kumrudishia upendo kwa jina lake mwenyewe. Maisha yangu yote ameniita hivyo. Safari hii nilikaa nikimtazama, nikajaribu kusoma machoni mwake ni nani anayemwita, mtoto wake au mama yake. Nilishindwa. Niliitika tu, kwa kuwa kuitika kulifaa kwa yote mawili, nikatoka nje nikalia kidogo nyuma ya ile nyumba ya mabati, mbuzi wakinichungulia dirishani.

Tatizo likawa namna ya kumwambia. Nilijaribu kumweleza Garissa. Akasikiliza vizuri, akauliza kama huko malisho yapo. Nikamweleza hospitali. Akauliza nani anaumwa. Nilimweleza feni, na hapo mimi mwenyewe nikajiona mjinga. Mwishowe, nikiwa nimechoka kabisa, nikasema kwa Kisomali changu cha serikali maneno niliyodhani ni rahisi.

"Hooyo, kesho tunahama."

Uso wake ukafunguka. Akaacha ubani, akapangusa mikono, akasema, "Hatimaye. Nyasi za hapa zimekwisha zamani, nami nilikuwa nangoja nani atasema."

Nilipumua. Nilidhani kazi imekwisha. Nilimfungia nguo zake ndani ya begi, akaniangalia nikifunga kwa huruma fulani, kama mtu anayemtazama mtoto akicheza kupika.

Asubuhi kulikuwa na ukungu. Watu husikia Mandera wakawaza vumbi tu, lakini kilima chetu katika miezi ya baridi huamka kimefunikwa, huoni hata punda unayemshika mkia. Nilimwacha mama na chai yake, nikateremka sokoni kushika nafasi mbili za mbele kwenye gari la Wajir, ambako tungepanda basi la Garissa. Dereva, mtu wa huko huko, alinisemesha Kiswahili, kile ambacho kila p ni b.

"Mwalimu, mimi nangoja maziwa tu. Maziwa ikibanda gari, mimi naondoka. Hii si basi ya Garissa."

Nikamwahidi kwamba narudi sasa hivi. Nikapanda kilima, nikapotea. Niliyatafuta mawe mekundu nikakuta zizi, nikalizunguka zizi nikakuta jiwe la mtandao. Nilisimama ndani ya weupe ule nikijilaani. Ndipo nikasikia wanawake wanaimba, wimbo wa kazi, wa kupokezana, na nikaufuata kama mtu anayefuata kamba.

Nikatokea kwenye kundi la akina mama waliokuwa wakibomoa akal. Mikeka ilikwisha kukunjwa, fito zinang'olewa moja moja, ngamia wa mizigo amepiga magoti anasaga meno. Katikati yao alikuwa mama yangu, kanga kaifunga kiunoni, anaelekeza. Nilidhani ni nyumba yake. Nilidhani amenielewa, lakini kwa njia yake; kwamba kuhama kwake bila nyumba si kuhama. Akilini nikaanza kutafuta mahali pa kuweka fito zote hizo katika vyumba vyangu viwili. Sikuuliza. Kwa mara ya kwanza maishani nikafanya kama watu wa kwetu: nikashika kamba.

"Futa, mwalimu!" mmoja akanipigia kelele, akimaanisha nivute. "Futa kamba! Wewe iko na nguvu ya chaki tu!"

Wakacheka, nami nikacheka, nikavuta. Nitasema ukweli, nilifurahi. Mikono yangu ilikuwa inauma na sauti yangu ilikuwa ndani ya sauti zao, na kwa muda ule mfupi nilijua niko wapi. Tulifunga fito kubwa ubavuni mwa ngamia, mikeka juu yake, masufuria juu ya mikeka. Niliona madumu kadhaa ya maziwa yaliyofukizwa moshi, nikajiuliza mama anauza maziwa tangu lini. Wazo hilo likapita.

Kisha jirani yetu akatokea ndani ya ukungu. Alikuwa anarudi kutoka sokoni kupeleka maziwa yake kwenye gari, mikono mitupu. Akasimama. Wimbo ukafa sauti kwa sauti. Akatazama duara tupu chini, mawe matatu ya jiko, majivu bado yana moto.

"Nyumba yangu iko wapi?" akauliza.

Mmoja akanyoosha kidole kwa ngamia.

Baadaye nilielezwa, kila mmoja kwa wakati wake, jinsi ilivyokwenda. Pale palipokuwa na nyumba ya jirani ndipo ilipokuwa nyumba ya mama miaka mingi nyuma, alipotuzaa. Mawe ya jiko ni yale yale. Mama alikwenda kuhamisha nyumba yake, akaenda ilipo, kwa jinsi kichwa chake kilivyokuwa kinaweka vitu. Na wale akina mama? Walijua vizuri sana hiyo ni nyumba ya nani. Lakini walimkuta mwanamke mzima anafungua kamba, na hilo haliulizwi. Wa kwanza aliamini jirani ametuma. Wa pili aliamini jirani hatimaye amemwacha yule mume wa Nairobi, na akashika kamba kwa nguvu zaidi kwa furaha. Wa tatu aliwakuta wawili. Mimi niliwakuta wote. Kila mtu alikuwa na jibu lake kichwani, na adabu yetu ilikuwa kubwa mno hata hatukumwachia jirani ukuta mmoja.

Nilianza kuomba radhi kwa lugha mbili kwa mpigo. Nikasema tuifungue mizigo, tuijenge upya sasa hivi, mimi mwenyewe nitajenga, ingawa sijui hata fito ipi hutangulia. Mwanamke mzee kuliko wote akanishika mkono.

"Mzigo umeshafungwa," akasema.

Nalo hilo nilikuwa nimelisahau. Nyumba ikishapanda mgongoni mwa ngamia haishuki mahali ilipotoka. Ikishuka hapo hapo, nyumba hiyo imeita mauti. Lazima itembee. Jirani aliketi juu ya dumu, akashika tama. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane, ili nijue nimesimama wapi. Huko chini gari likaanza kupiga honi.

Jirani akainua kichwa, akamtazama mama yangu kwa muda mrefu. Hakumwuliza kwa nini. Nilimngoja aulize, na hakuuliza.

"Edo," akamwambia, kama mtu anavyomwita shangazi yake, "tunahamia wapi?"

Mama akainua uso, akanusa hewa. Akamwinua ngamia, akachukua kamba ya kumwongozea, akaingia ndani ya ukungu bila kutazama nyuma. Tukamfuata wote, huyu na sufuria, yule na mkeka, jirani na dumu lake, mimi na mtungi wa kufukizia madumu ya maziwa nisiojua unashikwaje. Sikujua tunakwenda wapi. Sidhani kama kuna aliyejua. Nilikuwa nahesabu hatari moja tu, lile genge, na nilijisukuma mbele mpaka nikawa bega kwa bega na ngamia, tayari kumshika mama nguo. Tulipita jiwe la mtandao. Tulipita zizi, au palipokuwa na zizi. Kisha mama akasimama, akagonga ardhi kwa kisigino.

"Hapa," akasema.

Tulikuwa mbele ya akal yake mwenyewe. Begi nililomfungia bado lilikuwa mlangoni.

Wakajenga. Waliimba wimbo ule ule kwa kuanzia mwisho, ndivyo nilivyousikia mimi. Mama aliketi juu ya begi, akisema weka hivi, inamisha hivyo, na mara mbili alikosea, akataka mlango uelekee upepo, na jirani akaugeuza taratibu bila kumsahihisha. Mimi aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Ilipokamilika, mlango wa jirani ukawa unatazamana na wa mama, karibu kiasi kwamba mtu akikohoa ndani ya moja anaombewa dua ndani ya nyingine.

Jirani akapika chai. Akanipa ya kwanza, nikaona aibu kuipokea.

"Akitoka alfajiri," akasema, huku anapuliza moto, "itabidi apite kwangu. Nami huamka kabla yake, kukamua."

Hakuniahidi kitu wala sikumwomba, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananifariji au anapanga kazi zake kwa sauti. Honi ikalia tena, ndefu, ya hasira. Nilisimama, nikachukua begi kutoka chini ya mama, nikamshika mkono. Mkono ulikuwa mkavu, una gundi ya ubani kwenye vidole.

"Twende, hooyo. Gari linatungoja."

"Twende wapi?"

"Tunahama. Nilikuambia jana."

Akanitazama kwa mshangao, kisha akazitazama zile nyumba mbili, chai, na ngamia aliyeshushwa mzigo anayejikuna kwenye jiwe. Akanipiga kofi dogo la upendo shavuni, kama alivyokuwa akinipiga nilipochelewa kuelewa jambo.

"Hooyo," akasema, "tumeshahama."

Ningeweza kumvuta. Alikuwa mwepesi, ningeweza kumbeba. Niliitazama nyumba ya jirani, nikamtazama jirani mwenyewe, aliyekuwa amegeuka upande akijifanya anaosha kikombe. Niliweka begi ndani, nikatoa nguo za mama moja moja, nikazitundika kwenye fito. Kisha nikateremka mbio, nalia waziwazi, najikwaa kwenye mawe, sijui kama nimemwokoa mama au nimemtupa.

Dereva alikuwa amekwisha kuwasha gari. Kiti cha mbele kilikuwa bado wazi, cha watu wawili.

"Mwalimu! Mama wako wabi?"

"Ameshahama," nikamwambia.

"Wabi?"

Nikanyoosha mkono kuelekea juu, kwenye ukungu. Akatazama mkono wangu, akatazama kilima, kisha akautia mkono wangu kwenye kiganja chake, taratibu, akauelekeza upande mwingine wa kilima, iliko nyumba ya mama.